Haluli na Kilainisho: Lugha, Hofu na Usalama wa Dawa za Choo kwa Watoto

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, haja kubwa ni jambo lisilotajwa wazi mbele ya watu. Mtu "huenda msalani", "hujisaidia" au "huenda haja". Tafsida hizi ni pambo la lugha na ishara ya malezi mema. Hata hivyo, mzazi anapofika mbele ya daktari au mwuza dawa akiwa na mtoto ambaye kwa siku sita hajapata choo, tafsida zizo hizo humnyima maneno ya kueleza lililompata mwanawe. Husema kwamba mtoto "tumbo linamsumbua", akapewa dawa ya minyoo au ya kiungulia, akarudi nyumbani na tatizo lile lile. Wahenga waliliona hili waliposema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Makala haya yanakusudia kueleza suala moja linalowatatiza wazazi wengi wa watoto wanaofunga choo, nalo ni usalama wa dawa za kulainisha choo zinapotumiwa kwa muda mrefu. Je, mtoto akitumia dawa hizo kwa miezi, au hata kwa miaka, utumbo wake hautazembea? Je, dawa haitamgeukia ikawa sumu? Itadhihirika kwamba majibu ya sayansi ya tiba yanatuliza kuliko inavyodhaniwa, na kwamba hatari za kweli ziko mahali ambapo aghalabu hazitazamwi. Aidha, itaonyeshwa kwamba sehemu ya hofu hiyo inatokana na lugha yenyewe, yaani majina tunayozipa dawa hizi na vitenzi tunavyovitumia kuzieleza.

Maana ya Kufunga Choo

Kiswahili kina istilahi kadhaa kwa hali hii: kufunga choo, kukosa choo, na uyabisi wa tumbo. Baadhi ya wasemaji hutumia pia kuvimbiwa, ingawa neno hilo kwa hakika humaanisha tumbo kujaa kwa sababu ya kula kupita kiasi au chakula kutosagika vyema. Ni muhimu kuzitenganisha maana hizi, kwani mtoto aliyevimbiwa jioni moja na mtoto aliyefunga choo kwa miezi miwili hawahitaji tiba moja.

Wataalamu wa maradhi ya tumbo hutumia vigezo vinavyoitwa Vigezo vya Roma, ambavyo toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2016. Kwa mujibu wa vigezo hivyo, mtoto wa miaka minne au zaidi huhesabiwa kuwa amefunga choo iwapo kwa muda wa mwezi mmoja ameonyesha angalau dalili mbili kati ya hizi: kwenda haja kubwa mara mbili au chini ya hapo kwa wiki, kujichafua nguo angalau mara moja kwa wiki, kujizuia kwa makusudi, kupata choo kigumu au chenye maumivu, kutoa choo kikubwa mno, na kuwa na bonge la choo katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ieleweke kwamba mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama pekee anaweza kukaa siku kadhaa bila kupata choo na bado akawa mzima, mradi choo chake ni laini na anakua vizuri. Kwa hivyo, hesabu ya siku peke yake haitoshi.

Katika watoto walio wengi, hakuna ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya hali hii. Chanzo chake huwa ni tukio dogo: mtoto ameanza kula vyakula vigumu, amefundishwa kutumia choo kwa ukali, au ameanza shule na kukuta vyoo vinavyomtisha. Siku moja choo kinakuwa kigumu na kinamuumiza. Kuanzia siku hiyo mtoto anajifunza somo moja tu: kwenda haja ni kuumia.

Mzunguko wa Maumivu

Mtoto aliyejifunza somo hilo hujizuia. Husimama kwa ncha za vidole, hukaza miguu, hujificha nyuma ya mlango au pazia. Mara nyingi mzazi anayemtazama hudhani kwamba mtoto anajitahidi kusukuma choo kitoke, kumbe anajitahidi kukizuia kisitoke. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kadiri choo kinavyokaa ndani ndivyo kinavyokauka, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyouma siku kinapotoka. Maumivu huzaa kujizuia, na kujizuia huzaa maumivu.

Mzunguko huu ukiendelea kwa wiki na miezi, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka kwa kubeba bonge la choo. Misuli iliyotanuka hupungua nguvu, na hisia inayomwambia mtoto kwamba wakati wa kwenda haja umewadia hufifia. Hatimaye choo chepesi kutoka juu hupenya kando ya bonge hilo na kuvuja kwenye nguo bila mtoto kujua. Hapa ndipo lugha hupotosha tena. Mzazi huona nguo zimechafuka na kusema kwamba mtoto "anahara", kisha humpa dawa ya kuzuia kuhara, jambo linalozidi kumfunga. Wengine humwita mtoto mchafu au mvivu na kumchapa kwa kosa asilolitenda. Mtoto huyo hakosi adabu. Amekosa hisia tu, na hisia hiyo huchukua muda mrefu kurudi.

Ufahamu huu ndio msingi wa suala zima la muda wa matibabu. Kuondoa bonge la choo ni kazi ya siku chache. Kuurudisha utumbo uliotanuka katika hali yake, na kumsahaulisha mtoto hofu aliyojifunza, ni kazi ya miezi.

Majina ya Dawa na Sarufi Yake

Tangu zamani, Waswahili wa pwani wamekuwa na dawa zao za tumbo. Haluli ni jina la chumvi chungu ya magnesiamu, na hutumiwa vilevile kwa dawa ya kuendesha kwa jumla. Sanamaki ni majani yanayochemshwa au kurowekwa, na jina lake la asili ya Kiarabu huuhusisha mmea huo na mji wa Makka. Mafuta ya mbarika nayo yamewatoa machozi watoto wa vizazi vingi. Fauka ya hayo, kuna kupiga bomba, yaani kuingiza maji au dawa kupitia njia ya haja kubwa.

Dawa hizi zote huelezwa kwa vitenzi viwili: kuendesha na kuharisha. Mwanafunzi wa sarufi atatambua kwamba vyote viwili vina umbo la usababishi, na kwamba shamirisho yake ni mtu: dawa humwendesha mtoto, dawa humharisha mtoto. Picha inayojengwa ni ya nguvu inayomshika mgonjwa na kumkimbiza. Ni dhahiri kwamba mzazi aliyelelewa na lugha hii hawezi kukubali kwa urahisi kwamba mwanawe "aendeshwe" kila siku kwa muda wa miezi sita.

Dawa zinazopendekezwa leo kwa watoto wengi zinahitaji kitenzi kingine: kulainisha. Hapa shamirisho hubadilika. Kinacholainishwa ni choo, wala si mtoto. Dawa kuu katika kundi hili ni poliethilini glikoli. Hiyo ni molekuli ndefu ambayo karibu yote haifyonzwi na mwili, na ambayo huyashikilia maji ndani ya utumbo ili choo kisikauke. Nyingine ni laktulosi, sukari iliyoundwa kwa namna ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga. Hufika katika utumbo mpana, ikavunjwavunjwa na bakteria na kuvuta maji. Kasoro yake ya kawaida ni kuleta gesi na msokoto wa tumbo. Sanamaki iko katika kundi tofauti, la dawa zinazouchochea utumbo ujikaze. Haluli, kwa upande wake, huvuta maji kwa kutumia chumvi, na sehemu ya magnesiamu yake huingia katika damu.

Kuyaita makundi haya yote kwa jina moja ni sawa na kuita kisu, wembe na panga "chuma". Vyote ni chuma, lakini hakuna mzazi ampaye mtoto panga la kuchongea penseli.

Hofu ya Utumbo Kuzembea

Hofu inayosikika zaidi ni kwamba mtoto atazoea dawa, utumbo wake usahau kazi, na asiweze kwenda haja bila dawa maishani mwake. Hofu hii ina historia. Karne iliyopita madaktari walieleza hali ya watu wazima waliotumia dawa kali za kuendesha kwa miaka mingi na ambao utumbo wao ulionekana kulegea. Baadhi ya dawa hizo ziliachwa zamani. Isitoshe, haikuthibitishwa kama dawa ndiyo iliyouharibu utumbo, au kama watu hao walitumia dawa kwa sababu utumbo wao ulikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Kuhusu vilainisho kama poliethilini glikoli na laktulosi, hakuna ushahidi kwamba huufanya utumbo uzembee. Sanamaki huweza kuutia ukuta wa utumbo rangi ya kahawia ikitumiwa muda mrefu, lakini rangi hiyo haina madhara na hufutika dawa ikiachwa.

Kwa nini basi wazazi wengi husadiki kwamba wameyaona mazoea hayo kwa macho yao? Jibu liko katika tofauti kati ya nafuu na kupona. Mtoto hupewa kilainisho, na baada ya wiki mbili anapata choo laini kila siku. Hiyo ni nafuu. Mzazi, kwa kuogopa mazoea, huiacha dawa ghafla. Utumbo bado umetanuka, hisia bado ni hafifu, na hofu ya mtoto ingali hai. Baada ya siku chache choo hufunga tena. Mzazi hutazama tukio hilo na kuhitimisha kwamba dawa imemzoesha mtoto, ilhali ni ugonjwa ule ule ambao haukuwahi kupona. Hivyo hofu hujizalia ushahidi wake yenyewe, na mtoto hurudi katika maumivu kila mara anapokaribia kuyasahau.

Neno "dozi" nalo limechangia. Katika mazungumzo ya kila siku, dozi ni siku tano au saba za vidonge, na mgonjwa mwema ni yule "anayemaliza dozi". Mantiki hiyo inafaa kwa viuavijasumu. Haifai kwa utumbo uliotanuka.

Hofu ya Sumu

Hofu ya pili inahusu poliethilini glikoli yenyewe. Nchini Marekani, dawa hii iliidhinishwa mwaka 1999 kwa watu wazima, na mwaka 2006 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa watu wa miaka 17 na zaidi na kwa matumizi ya siku saba. Madaktari wa watoto walikuwa wakiitumia kwa wagonjwa wao kwa muda mrefu zaidi ya huo. Baadhi ya wazazi waliripoti mabadiliko ya tabia na hisia kwa watoto wao, na mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilifadhili utafiti wa kuchunguza kama dawa hufyonzwa na miili ya watoto.

Wasiwasi ulikolezwa na majina. Ethilini glikoli na daiethilini glikoli ni sumu zinazojulikana. Mwaka 1937, daiethilini glikoli iliyochanganywa katika dawa ya maji iliwaua watu zaidi ya 100 nchini Marekani, wakiwemo watoto. Barani Afrika, watoto walikufa kwa sumu hiyo hiyo nchini Nijeria mwaka 2008 na 2009 kutokana na dawa ya watoto wanaoota meno iliyochafuliwa, na mwaka 2022 vifo vya watoto kadhaa nchini Gambia vilihusishwa na dawa za kikohozi zilizokuwa na sumu za aina hii. Mzazi anayelisikia neno glikoli ana haki ya kushtuka.

Hata hivyo, kuchangia jina si kuchangia tabia. Molekuli ndefu ya poliethilini glikoli haivunjwi na mwili kuwa sumu hizo, na sehemu kubwa mno hutoka pamoja na choo. Ni kweli kwamba chembe kidogo za glikoli fupi zimewahi kupatikana katika dawa hiyo. Ndiyo maana watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walipima damu ya watoto walioitumia kila siku. Viwango walivyovikuta vilikuwa chini sana ya vile vinavyodhuru, na havikurundikana mwilini. Uhusiano wa dawa hii na mabadiliko ya tabia haujathibitishwa. Mzazi anayeona mabadiliko kwa mwanawe hana budi kumwarifu daktari, ambaye anaweza kuchagua dawa nyingine.

Hatari Zilizo za Kweli

Kusema kwamba vilainisho ni salama si kusema kwamba kila kinachofungua choo ni salama. Haluli na chumvi nyingine za magnesiamu zaweza kurundikana katika damu ya mtoto mchanga au mwenye figo dhaifu, na kumlegeza hata pumzi. Dawa za fosfeti zinazoingizwa kupitia njia ya haja kubwa huweza kuvuruga chumvi za mwili kwa kasi. Mwaka 2014 mamlaka ya Marekani iliyokwisha kutajwa ilionya kwamba dawa hizo zisiingizwe hivyo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Mafuta ya madini yanayonywewa ili kuteleza choo (yasichanganywe na mafuta taa) huweza kuingia katika mapafu ya mtoto anayetapika na kuleta nimonia. Sanamaki, choo chake kikikaa muda mrefu kwenye nepi, huweza kuchoma ngozi ya mtoto hadi itoke malengelenge. Kupiga bomba kwa sabuni au mitishamba isiyojulikana kipimo chake ni kucheza na maisha. Hata asali, inayosifiwa na wengi, haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani huweza kubeba vijidudu vya botulizimu.

Hatari nyingine ni kutibu choo huku ugonjwa mwingine ukiachwa. Mtoto aliyechelewa kutoa choo chake cha kwanza kupita saa 48 baada ya kuzaliwa, au aliyefunga choo tangu mwezi wa kwanza, huenda ana maradhi ya Hirschsprung, yaliyopewa jina la daktari wa Denmark aliyeyaeleza mwaka 1886. Katika maradhi hayo sehemu ya utumbo haina neva, na tiba yake ni upasuaji. Vilevile, matapishi ya rangi ya kijani, tumbo lililofura, miguu dhaifu, kutokua au kukonda, na damu nyingi katika choo ni dalili zinazomtaka mtoto apelekwe hospitali bila kungoja.

Muda na Namna ya Kuacha

Miongozo miwili inatajwa sana katika suala hili: ule wa taasisi ya NICE ya Uingereza, wa mwaka 2010, na ule wa jumuiya za wataalamu wa tumbo na lishe ya watoto za Ulaya na Marekani Kaskazini, wa mwaka 2014. Yote miwili inaiweka poliethilini glikoli mbele, na huo wa pili unaitaja laktulosi kama mbadala pale ambapo ya kwanza haipatikani. Mwongozo wa 2014 unataka matibabu ya kudumisha nafuu yaendelee kwa angalau miezi miwili, na dalili zote ziwe zimetoweka kwa angalau mwezi mmoja kabla ya dawa kuanza kupunguzwa. NICE inakiri kwamba baadhi ya watoto huhitaji dawa kwa miaka kadhaa. Yote inasisitiza kwamba dawa ipunguzwe polepole, isikatwe ghafla. Takriban nusu ya watoto wanaofikishwa kwa wataalamu hupona na kuacha dawa katika kipindi cha miezi 6 hadi 12.

Dawa haifanyi kazi peke yake. Mtoto huketishwa chooni baada ya kula, wakati ambapo utumbo huamka wenyewe, miguu yake ikiegemezwa kwenye kigoda, bila kuharakishwa wala kukemewa. Matunda, mboga na maji ya kutosha ni haki ya kila mtoto, ingawa mtoto aliyekwisha kufunga choo kwa miezi hawezi kutibiwa kwa papai pekee. Shule nayo ina wajibu. Miongozo ya afya shuleni nchini Kenya inataka choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Pale ambapo foleni ni ndefu na mlango hauna komeo, mtoto hujizuia hadi jioni, na mzunguko ulioelezwa hapo juu huanza upya.

Hitimisho

Imebainika kwamba vilainisho vya choo, vikitumiwa kwa maelekezo ya daktari, havina ushahidi wa kuuzembeza utumbo wa mtoto wala wa kumtilia sumu, na kwamba kuviacha mapema kwa sababu ya hofu humrudisha mtoto katika maumivu. Imeonekana pia kwamba baadhi ya dawa zinazoaminiwa kwa kuwa ni za zamani au za asili ndizo zinazohitaji tahadhari kubwa zaidi.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi yao katika jambo hili. Vijikaratasi vya hospitali, vipindi vya redio na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa za dawa huandikwa au kutafsiriwa na watu waliosomea lugha. Mtafsiri akiandika "dawa ya kuharisha" pale panapostahili "kilainisho cha choo", mzazi atatupa chupa ndani ya wiki mbili. Akiandika "hadi mtoto apate nafuu" pale panapostahili "hadi daktari aseme ipunguzwe", mtoto ataanza upya. Haluli ibaki na jina lake na sanamaki ibaki na lake, nacho kilainisho kipewe chake. Tafsida nazo ziendelee kuipamba lugha sebuleni, lakini katika chumba cha daktari mzazi apewe maneno ya kusema wazi kwamba mtoto wake hajapata choo, kwamba anaumia, na kwamba ameanza kujificha.